Fomu ya FAFSA wakati mtoto yuko Marekani na wazazi wako Bukavu

Saa saba za usiku simu inalia Kadutu. Ni mtoto aliye Ohio. Kwake ndiyo kwanza saa kumi na mbili za jioni, ametoka shule. Anataka jina la baba kama lilivyoandikwa kwenye paspoti, tarehe ya kuzaliwa ya baba, na barua pepe ya baba. Baba hana barua pepe. Ana WhatsApp tu, na hiyo pia anaitumia kwenye simu ya binti yake.

Mtoto anajaza FAFSA, fomu ambayo serikali kuu ya Marekani inaitumia kujua nani apewe pesa ya kulipia chuo na kiasi gani. Huku wengi wanaiita "buruse ya Marekani", na jina hilo linapotosha. Buruse tuliyoizoea inashindaniwa kwa alama. FAFSA haina mtihani, haina barua ya kujieleza, na hakuna anayeuliza ulipata asilimia ngapi kwenye Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Inauliza mambo matatu: mwanafunzi anakaa Marekani kwa karatasi gani, familia inaingiza pesa ngapi, na mzazi wake ni nani. Hilo la tatu ndilo linalotoa watu jasho, kwa sababu Kivu neno mzazi ni pana kuliko nafasi iliyowekwa kwenye fomu.

Lakini kwanza tufunge mlango mmoja. Kijana aliye Bukavu na diploma yake ya Serikali mkononi, hata awe na asilimia 80, hawezi kuomba FAFSA. Hata aliyeingia Marekani kwa viza ya masomo, ile F-1 au J-1, hawezi. Pesa hii ni ya raia wa Marekani na ya makundi machache ya wasio raia: mwenye kadi ya kijani (aliyeipata kwa loto ni sawa na mwingine yeyote), mkimbizi ambaye I-94 yake (karatasi ya kuingilia Marekani) imeandikwa neno Refugee, aliyepewa hifadhi, na wengine wachache. Kwa hiyo ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu, "FAFSA sasa iko wazi kwa vijana wa RDC, tuma dola 50 za dosye", ni wizi mtupu. Fomu ni ya bure kwa kila mtu na iko pahali pamoja, studentaid.gov. Ukiona anwani inayoishia kwa .com na inaomba pesa ya kujaza FAFSA, toka. Aliye huku na anatafuta chuo cha nje ana milango mingine, kama buruse za serikali za China, Japani au Uturuki, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Anayeangaliwa karatasi za kukaa ni mwanafunzi peke yake. Mzazi anaweza kuwa hana karatasi yoyote ya Marekani, au hajawahi kukanyaga huko, na mtoto bado akapata haki yake yote. Inabidi wazazi walio huku waambiwe hivyo mapema, kwa sababu wengi wanakataa kuandikwa wakidhani jina lao litamharibia mtoto.

Kuna namba inayokosewa sana. Kadi ya kijani ina namba mbili. Fomu inataka ile ya tarakimu tisa iliyo mbele ya kadi, pembeni ya neno USCIS#. Ndiyo ileile inayoitwa A-Number kwenye makaratasi mengine. Ikiwa yako ina tarakimu nane, anza na sifuri. Ile ndefu inayoanza na herufi tatu ni namba ya kadi yenyewe. Ukiiweka hiyo, mfumo wa uhamiaji hautakukuta na chuo kitakuandikia kuomba makaratasi upya.

Jambo lingine la hapohapo: mtoto mwenye kadi ya kijani ambaye mzazi anayeishi naye alikula kiapo cha uraia kabla yeye hajafikisha miaka 18, naye amekuwa raia moja kwa moja. Basi kwenye fomu anachagua raia. Lakini ofisi ya Social Security (ile inayotoa namba ya hifadhi ya jamii) mara nyingi bado inamhesabu mgeni kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwaambia, na fomu inarudi na alama ya kutolingana. Dawa yake ni paspoti ya Marekani au cheti cha uraia, kwanza kwenye ofisi ya Social Security, kisha kwenye ofisi ya misaada ya chuo.

Mzazi ni nani

Huku baba mdogo ni baba. Tantine aliyekulea tangu una miaka minne ni mama, na ukimwita kwa jina lingine mbele ya watu utaonekana huna adabu. Fomu haijui hayo. Kwake mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kwa hukumu ya mahakama, pamoja na mume au mke aliyeoana na huyo mzazi. Baba mdogo, mama mkubwa, koko (bibi au babu), yaya (dada au kaka mkubwa) aliyekubeba kwenye dosye moja ya HCR, shirika la wakimbizi, kutoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale: hakuna hata mmoja wao anayeandikwa kama mzazi, hata kama ndiye analipa nyumba, anakulisha na anasaini kila karatasi ya shule.

Ukiweka mapato ya baba mdogo penye nafasi ya mzazi, fomu itapita bila kelele, maana kompyuta haimjui. Itakwama baadaye. Chuo kinachagua wanafunzi wa kukaguliwa, kinaomba cheti cha kuzaliwa au karatasi za uhamiaji, na pale imeandikwa wazi kwamba huyu ni mpwa. Msaada unasimama katikati ya muhula wakati ada imekwisha kuandikwa kwenye akaunti ya mwanafunzi. Kusahihisha kunawezekana, ila kunachukua wiki, na mara nyingine darasa limeshafutwa kwa kutolipwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mzazi ni nani, uliza kama mwanafunzi anadaiwa mzazi kabisa, yaani kama fomu inamlazimisha kuandika mzazi. Hadaiwi akiwa na umri wa kutosha: kwa mwaka wa masomo 2026–27, awe amezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2003. Hapo kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kambini kwa sababu familia ilikumbuka mwaka tu. Aliyeandikwa 1 Januari 2003 amekosa kwa siku moja, na hakuna wa kumlalamikia. Anasubiri mwaka unaofuata. Hadaiwi mzazi pia aliyeoa au kuolewa, mwenye mtoto ambaye yeye ndiye anamlisha kwa zaidi ya nusu, na askari wa Marekani. Vilevile aliyekuwa chini ya malezi ya serikali wakati wowote baada ya kufikisha miaka 13. Humo wamo watoto wakimbizi waliofika bila wazazi na kuwekwa kwenye familia za kulea.

Halafu kuna yatima. Kwa Kiswahili chetu aliyefiwa na baba tu tayari ni yatima. Kwa fomu siyo: yatima ni aliyefiwa na wote wawili. Kama mama yuko hai Walungu na baba alikufa, anaandikwa mama peke yake. Kama wote wamekufa, haijalishi ulikuwa na umri gani, hata miaka miwili. Swali linauliza kama baada ya kufikisha miaka 13 ulikuwa yatima, na bila shaka ulikuwa, isipokuwa kama uliasiliwa. Wengi wanajibu "hapana" kwa kudhani kifo kilipaswa kutokea baada ya miaka 13.

Linalofuata ni la kuambiwa baba mdogo aliye kule leo, asisubiri mwakani. Mtu aliyewekwa na mahakama kuwa mlezi wa kisheria wa mtoto anamwondolea mtoto hitaji la mzazi kwenye fomu. Ila mahakama inayohesabiwa ni ya jimbo la Marekani anakoishi mwanafunzi, na hukumu iwe imetoka kabla mtoto hajawa mtu mzima, yaani miaka 18 katika majimbo mengi. Karatasi ya ulezi kutoka tribinali ya Bukavu, na mihuri yake yote, haijibu swali hilo. Inaweza kusaidia mbele ya hakimu wa kule, basi. Siku mtoto anapofikisha 18 mlango huo unafungwa, na familia nyingi zinausikia mtoto akiwa na miaka 19.

Na ambaye wazazi wako hai lakini vita iliwatenganisha? Kuna swali kuhusu hali isiyo ya kawaida: huwezi kuwafikia wazazi, au kuwafikia ni hatari kwako. Mkimbizi aliyepotezana nao anaweza kujibu "ndiyo", fomu inapokelewa kwa muda kama ya mtu anayejitegemea, na ofisi ya misaada ya chuo inaamua baada ya kuona ushahidi. Barua ya shirika lililompokea, ya mfanyakazi wa jamii, ya mwalimu wa sekondari au ya mchungaji anayeijua habari inafaa; iseme mara ya mwisho kuwasiliana ilikuwa lini na nini kilitokea. Uamuzi ni wa chuo kimoja, ukihama unaomba upya. Lakini kama unaongea na mama kila Jumapili kwa video, usijibu "ndiyo". Kutokuwa na pesa kwa mzazi, au kuishi Bukavu, hakumfanyi asipatikane.

Ndoa nazo zina mambo yake. Mama yuko Kentucky na watoto, baba amebaki Bukavu akingoja dosye: hao wameoana, na kuishi mbalimbali kwa sababu ya viza si kuachana. Wote wawili wanaandikwa. Walioachana kweli, anaandikwa aliyetoa msaada mkubwa zaidi kwa mwanafunzi katika miezi 12 iliyopita. Na wale waliolipana mahari bila kwenda komini (ofisi ya kuandikisha ndoa) lakini wanaishi nyumba moja, fomu ina nafasi yao: wazazi wasiooana wanaoishi pamoja, wote wawili wanajaza. Hapo kidogo wametufikiria.

Mzazi aliye Bukavu anajaza vipi

Tuseme ni lazima baba ajaze, na baba yuko huku. Hatua ya kwanza ni barua pepe yake mwenyewe. Ile ya mtoto haifai, ya siberi (duka la intaneti) haifai, na wazazi wawili hawawezi kutumia moja kwa akaunti mbili. Ifunguliwe kwenye simu ambayo haitauzwa, na neno la siri liandikwe kwenye daftari.

Kisha anafungua akaunti studentaid.gov. Penye namba ya Social Security anaweka alama kwamba hana. Ushauri wa zamani wa kuandika sifuri tisa ulikuwa wa fomu iliyokufa. Tangu fomu ya 2024–25 mzazi asiye na namba anafungua akaunti yake bila hiyo. Jina liandikwe kama kwenye paspoti, au kama hana paspoti, kama kwenye kadi ya mpiga kura, na lisibadilike tena. Penye kuchagua namna ya kupokea namba za siri za kuingilia, chagua barua pepe, usitegemee SMS.

Baada ya hapo mwanafunzi, akiwa kwenye fomu yake, anamwalika baba. Anaandika barua pepe ya baba. Kwenye fomu za kabla ya 2026–27 aliandika pia jina na tarehe ya kuzaliwa, na vilipaswa kulingana herufi kwa herufi na akaunti. Hapo ndipo palikuwa na makosa mengi: kwenye akaunti baba aliandika majina matatu, mtoto kwenye mwaliko akaandika mawili. Au mtoto aliikumbuka siku ya kuzaliwa ya baba kama 12/5 naye akaiweka kama Desemba, kwa sababu Wamarekani wanaanza na mwezi. Mei 12 kwao ni 05/12. Mwaliko usipofika, tazama kwenye barua taka kabla ya kuutuma tena, kwani mialiko miwili inachanganya zaidi.

Baba akishaingia, ukurasa wa kwanza unamwomba ruhusa: serikali ichukue habari zake za kodi toka IRS, idara ya kodi ya Marekani. Wazee wanasita hapa, na si ajabu. Ila ruhusa ni lazima hata kwa mtu ambaye hajawahi kulipa kodi Marekani na ambaye IRS haina hata herufi moja yake. Asipokubali, mtoto hapati senti ya serikali kuu mwaka huo. Ruhusa inatolewa kila mwaka, na haimgeuzi baba kuwa mdaiwa wa kitu chochote.

Mtoto asijifanye baba na kusaini mahali pake. Sahihi hiyo ni ya kisheria. Njia ya kawaida ni video: mtoto anasoma swali kwa Kiingereza, anatafsiri, baba anabonyeza mwenyewe. Panga saa moja na nusu, nunua mega za kutosha, na makaratasi yawe mezani kabla ya kuanza, maana ukurasa ukilala muda mrefu unakutoa nje. Kama akaunti inagoma kabisa, kuna fomu ya karatasi: inachapwa, inasainiwa kwa kalamu na mwanafunzi na mzazi, inatumwa kwa posta hadi anwani iliyo kwenye fomu yenyewe. Inafanya kazi, ila hesabu majuma, hasa karatasi ikibidi ivuke bahari kwa mkono wa msafiri.

Mapato ni ya mwaka gani? Fomu inaangalia nyuma miaka miwili: ya 2026–27 inataka mapato ya 2024. Familia iliyofika Marekani 2025 inajaza ilichoingiza kambini au Bukavu, wala haijazi mshahara wa sasa wa kiwandani. Baba aliye huku anajibu kwamba hakujaza kodi ya Marekani, kisha anaandika alichoingiza nje, kikiwa kimebadilishwa kuwa dola kwa kiwango cha siku anapojaza. Mshahara wa mwalimu ni rahisi. Biashara ndogo ndiyo inawapoteza watu. Mama anayeuza sambaza sokoni Kadutu na mtaji wa dola 300 unaozunguka kila wiki, haandiki 300 mara wiki zote za mwaka. Hiyo itakuwa dola 15,600 ambazo hajawahi kuziona. Anaandika faida inayobaki. Kama ni dola 25 kwa wiki na alifanya kazi wiki 50, mapato yake ni 1,250. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi na kuipiga picha, kwa sababu chuo kikikagua kitauliza namba imetoka wapi. Na msiandike sifuri kwa hofu. Mtu aliyeishi mwaka mzima kwa sifuri anaitwa aeleze alikula nini.

Mali haiulizwi kwa familia nyingi zenye mapato madogo, wala kwa zile zilizopokea msaada wa serikali kama SNAP (wa chakula) au Medicaid (wa matibabu). Ikiulizwa, nyumba mnayolala haihesabiwi. Kiwanja cha pili kule Panzi kinahesabiwa. Idadi ya familia ni wale wanaoishi na mzazi na kulishwa naye. Koko aliyebaki Bagira na kutumiwa dola 100 kila mwezi haingii, na hiyo mia haipunguzwi kwenye mapato. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Makaratasi ya kutafuta huku

Kinachoombwa mara nyingi toka Bukavu ni vyeti vya kifo vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, na diploma. Kifo ambacho hakikuandikishwa komini kwa wakati wake kinahitaji jugement supplétif (hukumu inayoziba nafasi ya cheti) ya tribinali, na hiyo inataka mashahidi, kwa hiyo tafuteni shangazi au jirani aliyekuwepo wakati angali na nguvu za kutembea. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, muhuri upi unakubalika wapi limekuwa swali gumu kwa karatasi mpya. Karatasi ya zamani yenye muhuri wa zamani ni mali. Ipigeni picha pande zote mbili mchana, juu ya kitambaa cheupe, bila kivuli cha mkono, na mtume kama dokumenti, kwani WhatsApp ikituma kama picha inaififisha mihuri. Tafsiri ya Kiingereza ifanyiwe kule, na mtu anayetambulika.

Diploma ya Serikali inakubalika kama uthibitisho wa kumaliza sekondari. Kwa kuwa diploma yenyewe inachelewa kutoka kwa miaka, wengi wana atestasyo (hati ya muda) tu. Chuo kingine kinaridhika nayo, kingine kinataka ipitie kampuni ya kutathmini vyeti vya nje. Shule ikiwa ilichomwa au kufungwa, tafuta prefe (mkuu wa shule) aliyekuwepo. Na mkimbizi asiyeweza kupata karatasi yoyote, chuo kinaweza kukubali maelezo yake ya maandishi yenye sahihi pamoja na karatasi alizoingilia Marekani. Aliyemaliza sekondari hukohuko hana haja ya haya yote.

Majina: andika kama kadi ya Social Security inavyosema, hata kama imekosea. Mtu aliyeitwa Mugisho Bahati Esther shuleni Bukavu anaweza kuwa kwenye kadi Esther Mugisho Bahati, na jina la ukoo "Mugisho Bahati" kwa pamoja. Akiandika Bahati peke yake penye ukoo, mfumo unakataa. Kurekebisha jina kunaanzia Social Security na uhamiaji, kisha ndiyo FAFSA. Mpangilio huo ukigeuzwa, utarudi mwanzo.

Pesa yenyewe

Sehemu isiyorudishwa inaitwa Pell Grant. Kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka, na familia ambayo mapato yake hayafikii hata kiwango cha kulazimika kujaza kodi inapata hicho cha juu. Kinagawanywa kwa mihula miwili, kama dola 3,697 kila mmoja, kwa anayechukua krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 au zaidi. Krediti tisa ni robo tatu ya hiyo, sita ni nusu. Pell ina mwisho wake, mihula 12 ya masomo kamili katika maisha, kwa hiyo kuitumia kuzunguka madarasa yasiyoelekea popote ni kuila mbegu. Madarasa ya Kiingereza peke yake, yasiyo na krediti, kwa kawaida hayalipiwi nayo.

Mikopo ni kitu kingine, ingawa inatokea kwenye barua hiyohiyo ya chuo na namba zake zinajumlishwa pamoja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa hadi dola 5,500. Hakuna anayelazimishwa kuichukua yote. Mtu anaweza kukubali Pell na kukataa mkopo, au kuchukua 1,000 tu. Soma mstari kwa mstari: palipoandikwa Grant hurudishi, palipoandikwa Loan unarudisha na riba.

Pesa inaingia chuoni kwanza. Chuo kinakata ada, kinachobaki kinampata mwanafunzi, na mabaki hayo ni ya vitabu, nauli na chakula cha miezi minne. Sasa habari inafika Bukavu kwamba "serikali imempa dola elfu saba", na simu zinaanza: minerval (ada ya shule) ya mdogo wake, mabati ya koko. Anayepiga simu ajue kwamba alichobakiwa nacho mtoto huyo huenda ni dola 900 hadi Januari, na kwamba kama imechanganyika na mkopo, anachotumiwa ni deni lenye jina la mtoto.

Linaloangusha wengi kuliko fomu yenyewe ni kuacha masomo katikati. Kijana anapata kazi ya zamu kwenye ghala, anaacha kwenda darasani wiki ya tano kati ya kumi na tano, hamwambii mtu. Kwa sheria amepata theluthi tu ya msaada wake; kati ya dola 3,697, kama 1,232 ndizo zake, na nyingine zinarudi serikalini. Chuo kinazirudisha kisha kinamwandikia yeye bili ya ada iliyobaki wazi. Mpaka alipe, hajiandikishi tena, na vyuo vingine vinaweza kumnyima hata karatasi ya alama. Mstari uko kwenye asilimia 60 ya muhula, yaani wiki ya tisa hapo. Aliyeuvuka amepata pesa yote. Anayeona mapema kwamba hataweza aende ofisi ya misaada kabla ya kuacha, apunguze krediti, asipotee. Na hata anayebaki anatazamwa: vyuo vingi vinataka wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4.0 na kumaliza theluthi mbili ya krediti alizoanza.

Fomu ya mwaka unaofuata hufunguka kufikia tarehe 1 Oktoba. Serikali kuu inapokea ya 2026–27 hadi 30 Juni 2027, lakini majimbo hayangoji: California kwa kawaida inafunga misaada yake tarehe 2 Machi, na Kentucky inagawa mpaka pesa iishe. Kwa hiyo mwanzoni mwa Septemba baba aifungue ile barua pepe aone kama bado inaingia, na kama simu imebadilishwa, lile daftari lenye neno la siri liko wapi.